Habari za Bahari Kutoka Dagoretti



Katika jamii yetu ya watu wa Pwani tuishio Nairobi, ni nadra kupata nyumba isiyokuwa na mtu baharini. Huyu ana mjomba nahodha wa jahazi huko Lamu, yule ana kaka mvuvi Kizingitini, na mwingine ana shangazi ambaye hana njia ya kufika mjini ila kwa boti. Wako pia wenye jamaa Unguja na Pemba, ambao kila sikukuu hupanda meli kwenda kuamkia wazee. Sisi wenyewe tumekaa mbali na maji, mwendo wa kilomita karibu 500 kutoka Mombasa, juu ya nyanda zenye baridi. Hata hivyo, upepo ukivuma huko chini, usingizi hutupotea huku juu.

Juma hili tumeona ni vyema tuzungumze juu ya habari za hali ya hewa ya baharini: hutoka wapi, hutengenezwa vipi, maneno yake yana maana gani, na kwa nini wakati mwingine hufika ufuoni zikiwa zimechelewa au hazifiki kabisa. Mada hii inatuhusu zaidi ya tunavyodhani. Maonyo ya kitaifa kuhusu upepo mkali na mawimbi makubwa katika bahari ya Kenya hutolewa hapa hapa Nairobi, mahali ambapo wengi wetu hupapita kila siku bila ya kugeuka kupatazama.

Nyumba iliyo Ngong Road

Ukitoka katikati ya jiji ukapanda matatu ielekeayo Karen au Ngong, utapita Upper Hill, Prestige na Adams Arcade, kisha utafika Dagoretti Corner. Hapo ndipo yalipo makao makuu ya Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya. Upande mmoja ni Kawangware, na upande wa pili, ukivuka Jamhuri na Woodley, ni Kibera. Katika kiwanja hicho hicho kiko chuo kinachofundisha wataalamu wa fani hii kutoka nchi nyingi za Afrika.

Kazi hii ina umri mrefu mjini hapa. Mwaka 1929 serikali ya kikoloni iliunda idara moja ya hali ya hewa kwa nchi zake za Afrika Mashariki, makao yake yakiwa Nairobi. Idara hiyo ikaendelea kuwa ya pamoja hata baada ya uhuru, mpaka Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 na kila nchi ikachukua njia yake. Ndipo ikazaliwa idara ya Kenya kama tunavyoijua leo.

Mtu atauliza: mahali palipo mita karibu 1,800 juu ya usawa wa bahari, pasipo na harufu ya chumvi wala mnazi, pajua nini habari za bahari? Swali hilo ni la haki, na jawabu lake ni kwamba mtabiri haangalii bahari kwa macho yake mawili. Hukusanyiwa macho ya watu na vyombo vya dunia nzima.

Kila siku kutoka Dagoretti hurushwa puto lililobeba chombo kidogo mfano wa kiboksi. Puto hupanda kilomita nyingi angani, na chombo kile hupeleka kwa redio habari za joto, unyevu, mgandamizo wa hewa na mwendo wa upepo, tabaka baada ya tabaka, mpaka puto lipasuke. Vituo vya nchi kavu navyo hupima saa zile zile duniani kote. Kwa saa zetu, vipimo vikuu ni saa tisa za usiku, saa tatu za asubuhi, saa tisa za mchana na saa tatu za usiku. Meli zilizo safarini hutuma vipimo vyake. Satelaiti hupiga picha za mawingu na kupima joto la uso wa bahari. Vipima maji vilivyoko Mombasa na Lamu huandika kupanda na kushuka kwa bahari. Na chini ya mawimbi viko vyombo vielezavyo viitwavyo Argo, karibu 4,000 duniani, ambavyo huzama hadi mita 2,000, na kila baada ya siku kumi hupanda juu kutoa habari za joto na chumvi ya maji.

Habari hizo zote huingizwa katika kompyuta kubwa zinazoiga mwenendo wa hewa na bahari kwa hesabu za elimu ya maumbile. Kompyuta hutoa picha ya kesho, ya kesho kutwa na ya siku zinazofuata. Kisha mtaalamu huketi akalinganisha picha moja na nyingine, akatazama kile akijuacho juu ya pwani yetu, akaandika. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Sentensi mbili tusikiazo redioni zina mikono mingi nyuma yake.

Wazee wetu nao walitabiri

Isidhaniwe kwamba kabla ya puto na satelaiti watu wa mwambao walikuwa wakienda kipofu. Elimu ya pepo ni urithi wetu wa zamani. Mwarabu Ahmad ibn Majid, nahodha wa karne ya 15, aliandika juu ya nyakati za kufunga safari katika Bahari ya Hindi, na alizihesabu nyakati hizo kwa siku za Nairuzi. Mabaharia wa Kiswahili walifanya vivyo hivyo.

Sababu yake inafaa kufafanuliwa kwa vijana. Mwaka wa Hijria hufuata mwezi, na ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku kama 11. Kwa hivyo Ramadhani huzunguka misimu yote, mara wakati wa masika, mara wakati wa kiangazi. Pepo hazifuati mwezi, zafuata jua. Ndiyo maana wazee waliweka hesabu mbili. Kwa ibada na kwa kujaa na kupwa kwa maji, waliangalia mwezi. Kwa pepo na kilimo, walihesabu mwaka wa Nairuzi wenye siku 365, wakaugawa katika miongo, kila mwongo siku kumi. Nahodha alijua mwongo wa ngapi wa kung'oa nanga na mwongo wa ngapi wa kuvuta chombo pwani. Makunduchi, Unguja, mwaka huo ungali ukiadhimishwa kila Julai kwa sherehe ya Mwaka Kogwa.

Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hivi hadi Machi, upepo mkavu na wa kawaida wa upole, uliowaleta wafanyabiashara wa Uarabuni na Bara Hindi. Kusi huingia Aprili au Mei ukavuma mpaka Septemba, na katika miezi ya Juni, Julai na Agosti huwa na nguvu nyingi. Baina ya pepo hizo mbili kuna majira ya tanga mbili, wakati upepo haujaamua uelekeo wake.

Chini ya maji pia kuna mwendo. Mkondo wa bahari wa pwani yetu huelekea kaskazini mwaka mzima, na wakati wa kusi, upepo na mkondo vikiwa pamoja, huenda kwa kasi kubwa. Kaskazi ikivuma, mkondo utokao Somalia hugeuka ukateremka kusini, na mikondo hiyo miwili hukutana kaskazini mwa pwani ya Kenya. Wavuvi wa Malindi na Lamu walijua hayo kwa vyombo vyao na nyavu zao kabla wataalamu hawajayachora katika ramani.

Elimu hii haijapitwa na wakati. Mtabiri akisema kusi itaongezeka nguvu, mzee wa ufuoni ndiye ajuaye mlango upi wa bahari utachafuka kwanza na ghuba ipi ina kivuli cha upepo. Kompyuta hutazama eneo pana. Mzee hutazama mwamba wake. Hakuna hata mmoja wao atoshaye bila ya mwenziwe, hasa siku hizi ambapo mvua na joto havitimizi tena ahadi zao za zamani kama walivyozizoea babu zetu.

Maneno ya utabiri na maana yake

Tangazo la bahari huwa fupi, na maneno yake yana uzito ambao msikilizaji wa kawaida hauoni. Tutayaeleza matatu.

La kwanza ni noti. Noti moja ni mwendo wa maili moja ya bahari kwa saa, yaani kilomita 1.85. Idara ya Kenya hutoa onyo mara nyingi upepo unapotarajiwa kuzidi noti 25, ambazo ni kama kilomita 46 kwa saa. Kwa mtu aliye Kenyatta Avenue huo ni upepo wa kupeperusha kofia na kukunja mwavuli. Kwa mtu aliye katika mtumbwi au ngalawa nje ya mwamba, ni upepo wa kupasua tanga na kujaza maji chomboni.

La pili ni kimo cha mawimbi. Tangazo likisema mawimbi ya mita 2, halina maana kwamba kila wimbi litakuwa la mita 2 wala kwamba hakuna litakalozidi. Wataalamu huchukua theluthi moja ya mawimbi yaliyo makubwa zaidi wakatafuta wastani wake, na huo ndio utajwao. Mawimbi mengi yatakuwa madogo kuliko kipimo hicho, lakini moja moja laweza kufikia karibu mara mbili yake. Kwa hivyo katika bahari ya mita 2, nahodha mwenye busara hujiandaa kwa wimbi la mita karibu 4. Wengi wameponzwa na hesabu hii kwa kuwa waliangalia bahari kwa robo saa, wakaona yavumilika, wakatoka.

La tatu ni bamvua. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, yaani karibu na tarehe mosi na tarehe 15 za mwezi wa Hijria, maji hujaa sana na kupwa sana. Pwani yetu tofauti ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua hufika mita 3 na zaidi. Maji hayo yote hupita katika milango myembamba ya bahari, na yakitoka kwa kasi yakakutana na upepo uvumao kuelekea nchi kavu, mawimbi husimama wima kama kuta. Basi upepo wa noti 25 wakati wa maji mafu si sawa na upepo huo huo wakati wa bamvua. Tangazo huenda lisiyaseme haya. Mwenye kulipokea ndiye atazame kalenda yake ya Kiislamu na kupiga hesabu.

Kimbunga na mstari wa Ikweta

Kwa muda mrefu tumezoea kusema kwamba vimbunga ni vya Msumbiji na Madagaska, si vyetu. Usemi huo una ukweli ndani yake. Kimbunga cha kitropiki huzaliwa juu ya bahari yenye joto, kwa kawaida kuanzia nyuzi 26.5 za Selsiasi, na huhitaji mzunguko wa dunia umsaidie kusokota upepo. Karibu na Ikweta msaada huo ni dhaifu mno. Mombasa iko digrii 4 tu kusini mwa Ikweta, na Lamu digrii 2, kwa hivyo ni vigumu kimbunga kutufikia kikiwa na nguvu zake kamili.

Lakini vigumu si muhali, na jirani zetu wamekwisha kuonja. Mwezi wa Aprili mwaka 1872, katika enzi ya Sayyid Barghash, kimbunga kiliipiga Unguja, kikaangamiza meli za Sultani na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa hicho. Pemba iliyonusurika ndiyo iliyokuja kuwa nchi ya karafuu. Aprili 1952 kimbunga kingine kilipiga Lindi. Aprili 2019 Kimbunga Kenneth kilipita Ngazija na kuingia Cabo Delgado, mwezi mmoja tu baada ya Idai kuuharibu mji wa Beira.

Kisha ikaja Hidaya. Vimbunga vya upande wetu wa Bahari ya Hindi hufuatiliwa na kituo kilichoko kisiwa cha Réunion, na majina yake huchukuliwa kutoka katika orodha iliyoandaliwa na nchi za eneo hili. Ndiyo sababu dhoruba ya mwanzo wa Mei 2024 iliitwa kwa neno ambalo kwetu maana yake ni zawadi. Ilikaribia pwani ya Tanzania na kufika kisiwa cha Mafia tarehe 4 Mei, ikiwa imepungua nguvu. Nairobi ilitoa maonyo ya upepo mkali na mawimbi ya zaidi ya mita 2 kwa pwani ya Kenya, na wavuvi na wasafiri wa baharini wakatakiwa wajizuie. Rais naye, tarehe 3 Mei, aliahirisha kufunguliwa kwa shule nchini kote, na miongoni mwa sababu zake alikitaja kimbunga hicho pamoja na mafuriko yaliyokuwa yakiendelea.

La kuzingatia ni hili: si lazima kitovu cha kimbunga kifike kwenu ndipo muumie. Mawimbi yanayozalishwa na dhoruba husafiri mamia ya kilomita. Mtu aliyeko Shela au Watamu aweza kuona mbingu safi juu ya kichwa chake na bahari iliyokasirika mbele yake.

Bahari ikipata joto, Nairobi hulowa

Na wale wasemao kwamba mambo ya bahari hayawahusu wakaao bara, na watazame mito ya jiji hili. Mvua inyeshayo Kangemi, Kawangware na Kibera, sehemu kubwa ya unyevu wake hutoka Bahari ya Hindi. Joto la bahari hiyo likibadilika, mvua yetu hubadilika.

Wataalamu, tangu mwaka 1999, wamelipa jina jambo ambalo lilikuwepo tangu zamani: kuna miaka ambayo upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi, ulio wetu, hupata joto kuliko kawaida, na upande wa mashariki, karibu na Indonesia, hupoa. Mwaka wa namna hiyo, mawingu huja kwetu, na vuli hugeuka masika. Hivyo ndivyo ilivyokuwa mwaka 1961, mvua ilipofurika hata Ziwa Viktoria likapanda kwa zaidi ya mita 2 katika miaka michache. Ikawa hivyo tena 1997, bahari ya Hindi iliposhirikiana na El Niño, na tena 2019, na tena mwishoni mwa 2023.

Masika ya 2024 yalikuja juu ya ardhi iliyokwisha kushiba maji. Mathare, Kibera na mitaa mingine iliyo kandokando ya mito ilizama, na usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili maji yalibomoka karibu na Mai Mahiu yakachukua roho za watu wengi waliokuwa usingizini. Dagoretti kwa hivyo haitabirii bahari kwa ajili ya wavuvi peke yao. Vipimo vya joto la maji vichukuliwavyo mbali baharini ndivyo pia vinavyomwambia mkazi wa bonde la mto Ngong kama ahame mapema au abaki.

Je, huku si kudai kujua ghaibu?

Swali hili huulizwa na baadhi ya wazee wetu kwa nia njema, na halifai kupuuzwa. Jawabu tulionalo ni kwamba utabiri wa hali ya hewa si ramli. Mpiga ramli hudai kujua lililofichika bila ya sababu inayoonekana. Mtabiri hutazama sababu ambazo Mwenyezi Mungu ameziweka wazi katika maumbile, akapima, akalinganisha na yaliyotokea kabla, kisha akasema lipi lina uwezekano mkubwa. Mkulima aonaye wingu jeusi akaanua nguo hajadai ghaibu. Tabibu apimaye homa akasema itapanda usiku hajadai ghaibu.

Kutegemea nako kuna adabu yake. Sote twaijua hadithi ya mtu na ngamia wake, na mafunzo kwamba kufunga kamba hutangulia kutegemea. Mwenye kusikia onyo akatoka baharini kwa kusema ajali haina kinga, hakutegemea. Ameiacha kamba chini.

Ni kweli kwamba onyo mara nyingine hutolewa na upepo usije. Utabiri ni makisio, na kadiri siku zinavyosogea mbele ndivyo unavyopungua uhakika wake. Ila hesabu ya faida na hasara iko wazi. Onyo lisilotimia hugharimu siku moja ya kazi. Onyo lililopuuzwa likatimia hugharimu mtu.

Onyo lisilofika

Tarehe 26 Desemba 2004, tetemeko la chini ya bahari karibu na Sumatra lilizusha tsunami. Wakati huo Bahari ya Hindi haikuwa na utaratibu wa kupashana habari kama ulivyo sasa. Mawimbi yalichukua saa nyingi kufika Afrika Mashariki, na Kenya, iliyopata habari kupitia vyombo vya habari, iliwahi kuondoa watu fuoni. Mtu mmoja alifariki katika nchi yetu. Huko Somalia, ambako hakukuwa na wa kuwaambia watu, walikufa karibu 300. Bahari ilikuwa moja na wimbi lilikuwa moja. Kilichotofautiana ni kufika kwa neno.

Miaka minane baadaye, tarehe 18 Julai 2012, meli ya Skagit iliyokuwa ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja ilizama karibu na Chumbe katika upepo mkali wa kusi, na makumi ya watu wakapotea. Mwaka mmoja tu kabla yake, Septemba 2011, Spice Islander ilikuwa imezama ikielekea Pemba, kwa kujazwa kupita kiasi. Misiba hii miwili, inayokumbukwa katika nyumba nyingi za jamii yetu, yafundisha kwamba hatari ya bahari haisababishwi na upepo peke yake. Husababishwa na upepo ukikutana na chombo kibovu, shehena iliyozidi, haraka ya sikukuu na sikio lisilosikia.

Upande wetu wa Kenya, yako mambo mawili yanayolizuia neno lisifike.

La kwanza ni lugha na njia. Tangazo huandikwa aghalabu kwa Kiingereza cha kitaalamu, likawekwa katika mtandao. Redio kama Pwani FM hulisoma kwa Kiswahili, na ofisi za hali ya hewa zilizoko katika kaunti hulipeleka kwa vikundi vya usimamizi wa fuo. Hata hivyo, mvuvi atokaye saa kumi za alfajiri, kabla ya taarifa ya habari, na ambaye simu yake ni ya kitochi, anaweza kuwa nje ya mwamba kabla neno halijamfikia.

La pili ni riziki, na hili ndilo zito. Mvuvi akiambiwa asiende baharini siku tano, husikia pia kwamba watoto wake hawatakula siku tano. Kusi ndiyo miezi ya dhiki ufuoni: samaki ni wachache, na madeni ya dukani ni mengi. Dau la mnyonge haliendi joshi. Tusifanye haraka kumwita mjinga au mkaidi yule atokaye wakati wa onyo. Wengi wao waliisikia habari na waliiamini. Walitoka kwa sababu chungu kilikuwa kitupu.

Ndipo tunaposema kwamba onyo lisilo na msaada ni nusu ya onyo.

Tufanye nini majumbani mwetu

Tunapendekeza mambo machache, ambayo kila familia yaweza kuyatimiza bila ya kungoja serikali.

Kwanza, kila nyumba yenye jamaa baharini iteue mtu mmoja, na kijana wa shule afaa sana, awe msomaji wa utabiri. Kazi yake ni kusoma tangazo la Idara kila likitoka, kulifasiri kwa Kiswahili cha nyumbani, na kupiga simu kabla ya Isha, ili habari imfikie mvuvi kabla hajalala na si baada ya kutoka. Atume sauti, si maandishi peke yake. Ataje siku, nguvu ya upepo, kimo cha mawimbi na tarehe ya mwezi.

Pili, tusieneze tangazo lisilo na tarehe wala lisilotoka kwa Idara. Wakati wa Hidaya, kama wakati wa kila dhoruba, simu hujaa picha za zamani na hofu za kubuni. Mtu akidanganywa mara mbili, ya tatu haitaamini hata ikiwa ya kweli.

Tatu, anayepiga simu kusema "msitoke" aulize pia "mna nini jikoni?" Familia kumi za Nairobi zikiweka shilingi kidogo kidogo katika mfuko wa kusi, kuanzia Mei hadi Agosti, zitaweza kutuma unga, mchele na mafuta siku za onyo. Hiyo ni sadaka, na ni ulinzi wa roho. Gharama yake ni ndogo kuliko ya matanga moja.

Nne, maimamu na walimu wa madrasa wapewe tangazo litangazwe baada ya sala. Msikiti wa Jamia katikati ya jiji hukusanya kila Ijumaa watu wa pwani nzima. Mtu mmoja akilisikia hapo, baada ya dakika tano habari iko Siyu na Vanga.

Tano, atakayesafiri kwa boti au meli ahakikishe kuna koti la kuokolea kwa kila mtu, watoto wakiwamo, na asione haya kushuka akiona chombo kimejaa. Nauli iliyopotea hurudi.

Kusi ijayo itaingia kama ilivyoingia tangu enzi za majahazi ya babu zetu. Puto litapanda kutoka Dagoretti, vipimo vitasomwa saa tisa za usiku, na mtu asiyetujua ataandika sentensi mbili kwa ajili ya ndugu zetu. Kuzifikisha ufuoni ni juu yetu.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliozama, awape subira waliofiwa, na awarudishe salama kwa watoto wao wote walioko baharini usiku huu. Amin.